Jina la Aliyekaa Mgongoni

Baba yangu alikuwa saisi. Saisi ndiye anayemlisha farasi, anamwosha, anamtembeza alfajiri, kisha siku ya mbio anasimama kando akiwa na hatamu mkononi huku watu wakimpigia makofi mwingine. Kesho yake magazeti yaliandika jina la farasi, la tajiri wake na la joki. La mzee wangu? Wapi!

Ndiyo maana nikisoma historia ya mbio za farasi, kwanza natafuta walioshika hatamu. Na nilipofika kwenye Kentucky Derby, wasee, nilikaa kitako.

Mbio zenyewe hata chai haijapoa zimekwisha: kama dakika mbili tu. Zinafanyika mjini Louisville, Marekani, kila mwaka tangu 1875. Hakuna viunzi vya kuruka, ni kutimua mbio basi. Farasi wote ni wa miaka mitatu. Mwaka huo ukikupita, hakuna kurudia darasa. Aliyezianzisha, Meriwether Lewis Clark, alikuwa amekwenda Uingereza akaiona Derby ya Epsom, iliyoanza 1780, akarudi kwao na wazo. Mwanzoni farasi walikimbia maili moja na nusu. 1896 umbali ukapunguzwa hadi maili moja na robo.

Sasa sikiliza. Siku ile ya kwanza walishindana farasi 15. Majoki 13 kati ya hao 15 walikuwa watu weusi! Aliyeshinda ni farasi Aristides, mgongoni akiwa Oliver Lewis, mtu mweusi. Aliyemfunza farasi huyo ni Ansel Williamson, aliyezaliwa mtumwa. Na utumwa ulikuwa umefutwa Marekani miaka kumi tu nyuma.

Si ajabu. Katika mashamba ya Kusini, watumwa ndio waliolala zizini na kukesha na farasi wagonjwa. Mali ilikuwa ya bwana, lakini ujuzi ulikuwa wao. Katika Derby 28 za mwanzo, majoki weusi walishinda 15. Isaac Murphy peke yake alishinda tatu: 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield akashinda 1901 na 1902.

Halafu kimya. Pesa zilipozidi kunona, ubaguzi ukazidi makali. Majoki wazungu waliwabana wenzao weusi kwenye ua uwanjani, na matajiri wakaacha kuwapa farasi. Tangu Winkfield, hakuna Mmarekani mweusi aliyeshinda tena. Kuanzia 1922 hadi 1999 hakuna hata mmoja aliyepanda.

Winkfield hakungoja kuzikwa akiwa hai. Alikwenda Urusi, akapata jina na chapaa. Mapinduzi yalipomfikia, 1919 alikuwa miongoni mwa waliotoroka Odessa na farasi zaidi ya 200 hadi Poland. Baadaye akatua Ufaransa. Mwaka 1961 alialikwa karamu Louisville, mji ule ule aliousisimua mara mbili. Mlangoni mwa hoteli akaambiwa ati mtu mweusi hapiti mlango wa mbele. Mzee wa watu, bingwa, na kadi ya mwaliko anayo!

Na Murphy je? Alikufa 1896, akazikwa Lexington. Alama ya kaburi ikaoza, majani yakamea, watu wakasahau alipolala. Katika miaka ya 1960 mwandishi mmoja, Frank Borries, alianza kuuliza wazee na kupekua makaburi, mwaka baada ya mwaka, hadi akalipata.

Wenzangu mnaoniuliza tuandike nini, mnaolalamika ati mtaani hakuna hadithi: zizi lipo, jiko la hoteli lipo, gereji ipo. Ndani yake mna watu wanaojua kazi kuliko wenye mali. Wengine bado wako hai. Nendeni mkawaulize majina yao, yote mawili, na myaandike bila kukosea herufi.