Niliulizia kabila langu, nikaletewa vita vya Baghdad

Jamani, kuna siku nililipa hela yangu mwenyewe kuulizia kabila langu, nikaletewa vita.

Ilikuwa mwaka 2003. Mimi mwaka wa kwanza pale Mlimani, msichana wa Dongobesh, Mbulu, nimeshuka Dar na mfuko wa shangazi kaja na ndala mpya. Enzi hizo intaneti kafe ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Unalipa, unakaa, saa inakuhesabia kama teksi.

Wenzangu walikuwa wanatafuta wachumba wa Ulaya na picha za Tupac. Mimi nikaandika neno moja tu: Iraqw. Ndivyo tunavyojiita sisi ambao wengi wenu mnatuita Wambulu.

Mtambo wa kutafutia, jina kapuni, ukaniuliza kwa adabu zote kama nilikusudia Iraq. Kabla sijajibu ukaanza kumwaga: Baghdad, vifaru, Saddam. Nusu saa yangu yote ikaishia huko. Mwenye kafe alinichungulia begani, akaniuliza kwa huruma, "Dada, una ndugu yako jeshini?"

Nilicheka. Ila nilipokuwa nimening'inia kwenye daladala kurudi hosteli, kicheko kikaniisha. Yaani kabila zima, watu na ng'ombe wao, mashamba yao na lugha yao, limehesabiwa kuwa kosa la kupiga chapa!

Basi hapo ndipo nilipopata kazi ya maisha yangu.

BIBI NA BARABARA YA HAYDOM

Kabla ya kukueleza kazi yenyewe, nikupeleke kwanza kwa bibi yangu. Kwetu bibi tunamwita ama. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara iendayo Haydom, vumbi mpaka kwenye kope. Kila mpita njia alisimama kuomba maji, na akishakunywa anauliza swali lilelile: njia ya Haydom ikoje?

Ama hakuwa na pupa ya kujibu. Kwanza alimtazama mtu. Mwenye ng'ombe alimweleza mahali pa kunyweshea. Mwenye baiskeli alimweleza korongo lipi limekatika. Na waliobeba mgonjwa kwenye machela, wakikimbilia ile hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, hao hakuwaeleza kitu. Alimwita mjomba aende akawapokee machela.

Swali moja, majibu matatu. Siku moja nilimuuliza mbona hasemi njia ikoje akamaliza. Akaniambia, "Mtu haulizi njia, anauliza safari yake."

Sikujua kwamba huko Marekani kuna watu wanalipwa mshahara kufundisha kompyuta jambo hilohilo.

KUMBE KUNA WANAOISOMEA

Mwaka 2005 watafiti watatu, Jaime Teevan, Susan Dumais na Eric Horvitz, walipeleka kazi yao kwenye mkutano wa wataalamu wa utafutaji uliofanyika Salvador, Brazili. Walionyesha kwamba watu wawili wakiandika maneno yaleyale hawakubaliani jibu lipi ni zuri. Kwa hiyo kompyuta ipewe ruhusa ya kusoma ulivyonavyo wewe, yaani barua zako, mafaili yako na kurasa ulizopitia, halafu ipange majibu upya kukufuata wewe. Na hayo yote yafanyike ndani ya kompyuta yako bila siri zako kutoka nje.

Nilipoisoma hiyo karatasi niliona kabisa sura ya ama na kata yake ya maji. Nikasema, mwanangu, hapa ndipo nyumbani.

Nikazama. Nikajifunza kwa Karen Spärck Jones, mwanamama wa Uingereza aliyeeleza mwaka 1972 kwamba katika rundo la karatasi, neno linaloonekana kila mahali halikusaidii, neno adimu ndilo lenye uzito. Na ni kweli. Simama sokoni Mbulu useme unamtafuta mtu mwenye ng'ombe, utaletewa wilaya nzima. Sema unamtafuta mwenye trekta jekundu, utafikishwa mlangoni.

Sasa Iraqw ni neno adimu hasa. Tatizo ni kwamba mtambo ukiona neno adimu limekaa jirani na neno maarufu, unadhani vidole vyako vimeteleza.

Na kwetu majina yenyewe hayatulii. Kuna Haydom na Haidom. Kuna Basotu na Bassotu. Majirani zetu wa Hanang wengine wanawaandika Barabaig, wengine Barbaig, wengine Datoga, na wapo wanaowaita Mang'ati, jina walilopachikwa na Wamasai, maana yake maadui. Hebu fikiria, mtoto wa watu anatafuta historia ya babu yake, inabidi ajiandike adui ndipo aipate!

Nikasoma mpaka shahada ya uzamivu. Nikatengeneza programu yangu ya kukaa juu ya mtambo wa kawaida. Inasoma ulichotafuta jana na juzi, inajifunza wewe ni mtu wa namna gani, kisha inapanga majibu upya. Mtu wa kwanza wa kujaribiwa nilikuwa mimi mwenyewe, miaka nenda rudi. Ilijua nguo ninazopenda, ilijua napika nini Jumapili. Ilinijua kuliko mchumba wangu, na nilimtania hivyo mpaka akanuna.

Wala sikuwa peke yangu kwenye mkumbo huo. Google nayo ilianza mwaka 2005 kuwapangia majibu wenye akaunti kwa kufuata walichotafuta zamani, na Desemba 2009 ikapanua hadi kwa wasiojiandikisha. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja, Eli Pariser, alitoa kitabu akionya kwamba mambo haya yatamfungia kila mtu ndani ya povu lake, aone tu anayoyapenda. Nilikisoma. Nikamwona jamaa ana woga wa kizee.

JUMAPILI YA KATESH

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili. Mvua kubwa ilinyesha Hanang, sehemu ya mlima ikameguka, na tope likashuka na mawe na magogo mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mnayakumbuka, msomaji, sihitaji kuchora picha.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na duka Katesh. Ndiko alikooa.

Ujumbe wa kwanza ulinifikia kwenye simu nikiwa Dar. Nikampigia, hapatikani. Nikampigia mkewe, hapatikani. Mikono inatetemeka. Nikafungua kompyuta, nikafanya kile ninachokifanya kuliko kitu chochote duniani. Nikaandika: Hanang.

Programu yangu ikafanya kazi yake vizuri kabisa. Ikaniletea bei za kupanda mlima. Waongoza watalii. Viatu gani uvae. Picha ya jua likizama nyuma ya kilele. Habari za tope ilikuwa imezisukuma chini kabisa.

Nikadhani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Miezi michache nyuma, tukiwa na wenzangu wa kazini, tulipanga safari ya kwenda kupanda Mlima Hanang, ule wenye zaidi ya mita 3,400. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuulizia bei, na niliulizia jioni tatu mfululizo. Nilipofungua kumbukumbu kutazama mara nyingine nilipotafuta Hanang, sikuona hata moja. Mbulu? Hakuna. Dongobesh? Hakuna.

Programu ilikuwa imenisoma sawasawa. Mtu huyu ni mtalii.

Msomaji, niliaibika peke yangu chumbani kama mtu aliyefumaniwa.

Nikaifunga kompyuta, nikarudi kwenye simu, nikafanya kama wafanyavyo watu wa kwetu. Nilimpigia mama Dongobesh. Mama akanipa namba ya mwenye duka la jumla aliyekuwa akimuuzia mdogo wangu bidhaa. Yule hakujua aliko, ila alimjua dereva wa bodaboda aliyekuwa upande wa pili wa tope. Dereva hakumjua mdogo wangu, ila aliijua shule ambako watu walikuwa wanapelekwa. Kule akakutana na mama mmoja aliyemwona akiwa amembeba mtoto.

Jioni nikapigiwa kwa simu ya mtu nisiyemjua. "Dada, tuko wote. Duka halipo." Jirani yake waliyekuwa wakila pamoja kila siku alikuwa amekufa.

Baadaye, moyo ulipotulia, nilikumbuka utafiti mwingine wa Teevan na wenzake, wa mwaka 2004. Waliwauliza watu wanavyotafuta vitu, wakagundua kwamba hata mtu anayekijua vizuri anachokitaka, mara nyingi haruki moja kwa moja mpaka kilipo. Anakwenda hatua kwa hatua, kila hatua inamwonyesha inayofuata. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi karatasi hiyo kwa miaka. Siku ile ndiyo niliyoielewa.

SASA NAFANYA NINI?

Kazi sijaiacha. Nimebadilisha swali tu. Zamani programu yangu ilijiuliza, huyu ni nani? Nikaona swali lenyewe lina kasoro, maana hakuna mtu aliye mmoja. Asubuhi mimi ni mwalimu, mchana ni mteja wa Kariakoo, na simu ikilia usiku mimi ni mtoto wa Dongobesh. Ama hakuwa anauliza wewe ni nani. Jirani yetu yuleyule, akipita leo na ng'ombe na kesho na mgonjwa, alipewa majibu mawili tofauti.

Kwa hiyo siku hizi programu inauliza kwanza: leo unatafuta kama nani? Kuna kitufe cha kuiambia inisahau kabisa. Na jambo jipya likiwa linatokea mahali nilipopataja, inalipandisha juu hata kama si mazoea yangu. Ni hatua ndogo, lakini nalala.

Jambo la pili ni lugha. Mtambo hauwezi kukuletea kisichoandikwa. Kiswahili angalau kimeanza kuhesabiwa: kilikuwa kati ya lugha 11 kwenye mkusanyo wa maswali na majibu wa TyDi QA wa mwaka 2020, na kati ya lugha 4 za Afrika kwenye mkusanyo wa CIRAL wa mwaka 2023, pamoja na Kihausa, Kisomali na Kiyoruba. Hii ndiyo mitihani ambayo watafiti huipa mitambo yao kuona inatafuta vizuri kiasi gani. Kiiraqw hakimo. Basi likizo yangu naimalizia Dongobesh na kinasa sauti, wazee wanaongea, mimi naandika, tunagombana kuhusu herufi.

Mdogo wangu amefungua duka dogo, safari hii mbali na mkondo wa maji. Nilipomtembelea aliniuliza, bila ubaya wowote, "Dada, ile mashine yako siku ile ilinitafuta?"

Nikamwambia hapana. Ilikuwa inanitafuta mimi.

Nawe msomaji, ukimaliza hapa chukua simu yako uandike jina la kijiji chenu. Tazama unaletewa nini. Kama ni hoteli na bei za usafiri, usiilaumu simu kwanza. Mpigie mtu wa huko.