Kung'arisha Akiki na Yaspi

Mtu apitaye njiani hukanyaga mawe mengi asiyatazame, kwa maana jiwe lililofunikwa na vumbi halina uzuri wa kumsimamisha. Lakini yako mawe ambayo ndani yake mna rangi na mistari ya kupendeza kama nguo ya hariri. Mawili ya namna hiyo ni akiki na yaspi. Majina yake utayaona katika Biblia: Kitabu cha Kutoka huyataja pamoja na mawe ya kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu, na katika Ufunuo yaspi ndiyo msingi wa kwanza wa ukuta wa mji mtakatifu. Kuchonga na kung'arisha mawe haya ndiyo kazi niipendayo nyakati za jioni, nikiisha kumaliza kazi inipayo riziki. Sipati fedha kwayo, lakini napata furaha, tena nimejifunza neno moja ambalo nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi.

Kwanza yafaa mjue mawe haya ni nini. Yote mawili ni ya silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga wa mtoni. Akiki nyingi zilizaliwa na moto na maji. Hapo kale volkano zilitapika mawe yaliyoyeyuka, na ndani yake mlikuwa na mapovu ya hewa. Mawe yale yalipopoa, mapovu yakawa mashimo matupu. Kisha maji yenye silika yakapenya humo, yakaacha utando juu ya utando kwa muda mrefu sana, hata mashimo yakajaa. Ndiyo sababu ukiikata akiki utaona mistari mingi, mmoja ndani ya mwingine. Yaspi imechanganyika na vitu vingine zaidi, hasa chuma, nacho huipa wekundu kama wa kutu. Ukiinua kipande chembamba cha akiki juani, mwanga hupenya. Ukiinua yaspi, mwanga haupiti.

Mawe haya ni magumu mno. Mwaka 1812 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini katika ngazi kumi kwa ugumu wake. Ulanga ni wa kwanza, kwa kuwa hata ukucha huukwaruza. Almasi ni ya kumi. Akiki na yaspi zakaribia ngazi ya saba, na kisu cha nyumbani hakiwezi kuzikwaruza. Basi labda mtauliza, huchongwaje? Jibu ni hili: kigumu huchongwa na kigumu kuliko chenyewe. Mwaka 1891 Mmarekani aitwaye Edward Acheson alikuwa akijaribu kutengeneza almasi kwa moto wa umeme. Almasi hakuipata, lakini alipata chembe ngumu zing'aazo, akaziita kaborandamu. Ugumu wake wapita ngazi ya tisa, na mpaka leo chembe hizo husaga mawe pote duniani.

Kito nikipendacho kutengeneza huitwa kabochoni. Chini ni bapa, na juu kimevimba kama gamba la kobe. Kwanza jiwe hukatwa kwa msumeno wenye chembe za almasi, likawa kibao cha unene wa milimita sita hivi. Natazama kibao kile kwa uangalifu, nikitafuta mahali penye mistari mizuri pasipo ufa. Hapo nachora umbo la yai kwa ncha ya shaba, kwa kuwa wino ungefutika majini. Kisha nagandisha jiwe juu ya kijiti kwa lakiri iliyopashwa moto, nipate mahali pa kushika, nami nalisaga kwenye gurudumu linalozunguka huku maji yakitiririka juu yake.

Gurudumu la kwanza ni la chembe nene, za nambari 80. Hilo huleta umbo, lakini huacha mikwaruzo mirefu. Nambari ikizidi, chembe huwa ndogo zaidi. Basi baada ya 80 nafuata 220, kisha 400, 600 na 1200, kama vile seremala aanzavyo kwa randa na kumalizia kwa msasa. Mwisho natumia kipande cha ngozi na unga laini uitwao oksidi ya seriamu, na hapo jiwe huanza kung'aa kama jicho la samaki aliyetoka baharini sasa hivi. Wengi hudhani kwamba kung'arisha ni kupaka jiwe kitu. Sivyo. Kung'arisha ni kuondoa mikwaruzo mikubwa kwa midogo, na midogo kwa midogo zaidi, mpaka jicho lisiione tena.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na mitano, alipenda kuja kunisaidia. Siku moja nalimpa kipande cha yaspi nyekundu. Alikisaga vizuri kwa nambari 80 na 220, kisha akaruka nambari zilizobaki, akaenda moja kwa moja kwenye ngozi. Baada ya muda akaniletea kito kimelowa maji, kinametameta. Akasema, "Mjomba, kimekwisha."

Nalimwambia, "Kifute kwanza, kikauke."

Alikifuta kwa shati lake, akakielekeza dirishani. Kito kikawa kimefifia, na mikwaruzo ya 220 ikaonekana yote, kama njia za mchwa ukutani. Maji yalikuwa yameificha kwa kuijaza. Aliuliza kama angeweza kuimaliza kwa kuzidi kusugua kwenye ngozi. Nalimjibu kwamba hata angesugua mpaka usiku, unga ule laini usingeweza kuondoa kazi ya chembe nene. Akarudi nyuma hadi 400, akaanza tena.

Mwaka ule mvua zilichelewa, na maji yakawa haba. Twaliyapata ya kunywa na kupikia tu. Kito cha kijana kilikuwa kimebakiza kazi ndogo, naye alitaka kukimaliza. Akaniambia, "Mjomba, tutoe gurudumu nje penye upepo, nikisage kikavu. Vumbi litachukuliwa na upepo."

Hapo nalikataa kabisa, nikamweleza sababu. Vumbi la mawe haya ni silika, na chembe zake nyingine ni ndogo hata hazionekani. Huingia mapafuni, wala hazitoki. Pale zikaapo, pafu hufanya kovu, na pumzi hupungua mwaka hata mwaka. Madaktari huuita ugonjwa huo silikosisi, wala hawana dawa ya kuuponya.

Nikamweleza pia habari za Khambhat, mji wa Gujarat katika Bara Hindi. Mafundi wa huko wamechonga akiki tangu zamani sana, na ushanga wao mwekundu ulivuka bahari kwa majahazi ukaja mpaka mwambao wetu. Ushanga wa namna hiyo umefukuliwa Kilwa. Uzuri wake haukupotea kwa mamia ya miaka. Lakini katika mji huo huo madaktari wamekuta mafundi wengi wenye silikosisi, kwa sababu walisaga mawe makavu ndani ya nyumba ndogo. Na jirani ambao hawakushika jiwe walivuta vumbi lile pia. Huko Ujerumani, katika mji wa Idar-Oberstein, mafundi wa kale walilala kifudifudi mbele ya magurudumu makubwa yaliyoendeshwa na maji ya mto, wakilikandamiza jiwe kwa nguvu za mwili mzima. Watu walioivaa pete yenye akiki waliona mng'ao wake tu. Kifua cha fundi hawakukiona.

Nikamwambia, "Dada yangu alinikabidhi mtoto mwenye kifua kizima. Nitamrudisha vivyo hivyo. Jiwe limengoja tangu siku za volkano. Laweza kungoja mvua."

Alinuna siku mbili, kama vijana wafanyavyo. Twalikifunga kito ndani ya kitambaa, tukakiweka kabatini. Majuma matano yakapita, hata mvua zikanyesha na mapipa yakajaa. Ndipo alipokitoa, akakipitisha 400, 600 na 1200, kila mara akikikausha na kukitazama kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuendelea, kisha akakimaliza kwenye ngozi. Safari hii kilipokauka hakikufifia. Sonara alikitia katika fedha, na mama yake hukivaa shingoni siku za Jumapili.

Basi, wanafunzi, neno lenyewe ni hili. Kazi nyingi huonekana zimekwisha zikiwa bado zimelowa. Ngojeni zikauke ndipo mzipime. Atakaye kuruka hatua atarudishwa nyuma na jiwe lenyewe, na hasara yake ni muda tu. Lakini yeye atakaye kulikimbiza jiwe kwa kuacha maji hulipa kwa pumzi yake, nayo haimrudii. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Nanyi mkiona kito kizuri katika pete ya mtu, kisifuni. Kisha mkumbuke kuuliza habari za yule aliyekisaga.