Taa moja, familia mbili: kuchagua mwangaza wa nyumba hapa Niania

Niania, teritware ya Mambasa. Juma lililopita msikilizaji wetu mmoja, binti anayeshona nguo karibu na njia panda ya Isiro, alinionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa nyumba ya kando ya bahari: ukuta mweupe, kiti kimoja, mkeka, na taa moja ya chini yenye mwangaza wa rangi ya asali. Chini ya picha waliandika kwamba nyumba yenye vitu vichache inatuliza roho. Akacheka: "Yaya, sisi pia tuko na kiti moja na taa moja. Mbona roho haitulie?"

Swali lake ni la kweli, na wengi wenu mmeniuliza hilo hilo kwa njia nyingine: ninunue taa gani? Basi leo naacha habari za barabara na bei ya mchele.

Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni na dakika chache, mwezi wa kwanza kama mwezi wa saba, na usiku unachukua saa kumi na mbili nzima. Kwenye njia panda kuna jenereta za baa na taa za malori yanayotoka Kisangani. Ukitoka hapo hatua mia mbili, kila nyumba ina giza lake.

Sokoni ampuli nyingi ni za mwangaza mweupe unaoelekea bluu. Tazama kwenye kisanduku chake, utaona namba yenye herufi K. 6500K ni ule mweupe mkali, wa duka na wa hospitali. 2700K au 3000K ni wa njano, unaofanana na moto. Muuzaji atakusifia mweupe kwa sababu unaonekana una nguvu. Mimi nachagua njano. Ule wa bluu unauambia mwili kwamba bado ni mchana, usingizi unachelewa, na wadudu wa usiku wanaukimbilia zaidi. Aliyewahi kula wali na sombe chini ya ampuli nyeupe siku ya kumbikumbi ananielewa. (Kumbikumbi ni chakula kizuri, lakini waingie katika sahani kwa ruhusa.)

Baada ya rangi ni mahali pa kuiweka. Wengi tunaitundika katikati ya dari, inapiga machoni, na pembe za nyumba zinabaki nyeusi. Watu wa pwani walilifikiria jambo hili zamani. Kiswahili tunachosema kilifika mto Ituri pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka Zanzibar, kabla ya mwaka 1890, na neno letu la baraza lilikuja nao. Kule walikotoka, na kule Lamu, nyumba za mawe zina vyumba vyembamba, kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko. Chumba cha ndani kinapata mwanga kidogo tu. Basi walipaka kuta chokaa nyeupe na kuchonga ndani yake zidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuweka vyombo. Ukuta mweupe unaurudisha mwangaza, na taa ndogo inatosha.

Sisi hatuna chokaa ya matumbawe, lakini udongo mweupe tunao. Pakeni ukuta mmoja tu, ule ulio nyuma ya taa. Kisha shusheni taa mpaka urefu wa kifua cha mtu aliyeketi, na muigeuze itazame ukuta, isitazame watu. Kwa wanaokaa chini ya bashi nyeupe ya plastiki, bashi yenyewe inafanya kazi ya ukuta huo, lakini kwa ampuli tu. Mshumaa na taa ya utambi visiingie humo hata kwa dakika tano. Tena petroli ya chupa mara nyingine imechanganywa na esansi, na mchanganyiko huo unaweza kulipuka mkononi.

Kwa wengi wanaonisoma, hata hivyo, utulivu hauanzi na rangi ya ampuli. Mama mmoja aliyekimbia na watoto wanne, na sasa anakaa kwa jamaa hapa Niania, hataki taa yoyote mlangoni. Aliniambia: "Mwangaza unaita watu." Kijiji chake kilivamiwa usiku, nami sitamfundisha mimi namna ya kuogopa. Mwenye nyumba ile ya baharini alipunguza vitu kwa kupenda. Huyu mama vyake vimebaki njiani. Ndiyo maana kiti kimoja hapa na kiti kimoja kule si kiti kile kile.

Lakini kuna mahali ambapo nakataa giza kabisa: choo cha pamoja na njia ya maji kwenye maeneo ya wakimbizi. Hapo nataka mwangaza mweupe, mkali, wa juu, unaowaka mpaka asubuhi. Msichana anayeogopa kutoka usiku hatapata utulivu ndani, hata mkimwekea taa ya asali. Viongozi wanaogawa taa wangeanza na choo, halafu ndio wafikirie ofisi zao.

Sasa moto wenyewe unatoka wapi? Ampuli ya wati 3 ikiwaka saa nne inakula wati-saa 12. Simu kubwa ya siku hizi inakula 15 au zaidi kwa kuijaza mara moja. Kwa hiyo jirani anayekuomba kuchaji simu moja tu anaondoka na jioni yako yote. Wengine wanachaji kwa feza, na ni haki yao, lakini nimeingia nyumba zenye pano juu ya paa ambamo watoto wanasoma kwa tochi. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitaka idumu, usiteremke chini ya nusu, hasa majuma ya mvua ambapo pano haioni jua.

Huyo mama na jamaa yake wamegawa chumba kimoja kwa kikwembe kilichotundikwa juu ya kamba. Taa ni moja. Mwanzo ilikaa upande wa mwenye nyumba, na watoto wa mgeni walikuwa wanasukuma kikwembe ili waone daftari. Wakaihamisha juu ya kamba, katikati. Ikamulika pande zote mbili, lakini kila aliyevua nguo kivuli chake kilionekana kwa wenzake, na watoto walicheka sana. Sasa inakaa juu mpaka saa mbili ya usiku, masomo yakiisha. Baadaye mtoto mkubwa anaishusha chini, nyuma ya mtungi wa maji, na wakubwa wanaongea kidogo kabla ya kuizima.