Namba Tisa

Miaka ya tisini, mtaani kwetu Tanga, msichana alitarajiwa acheze rede. Rede niliipenda, ila chandimu niliipenda zaidi. Mpira tuliutengeneza wenyewe: matambara yanakunjwa na kukazwa, yanavishwa mifuko ya rambo, kisha mmoja anakandamiza kwa goti huku mwenzake akizungusha kamba ya katani na kupiga mafundo. Fundo likikaa vibaya, mpira unakwenda upande. Mafundo ya timu yetu nilikuwa nayafunga mimi, na wavulana walinipa namba bila ubishi.

Nyumbani ilikuwa vita. Majirani walikuwa wakimwambia mama waziwazi kwamba amezaa jike dume, na naamini maneno yale yalimuuma yeye kuliko mimi. Nilipovunja ungo, mpira ukaishia hapo. Hakuna aliyenikataza, nilipangiwa tu kazi za jioni, na mechi zote zilikuwa jioni.

Binti yangu ana miaka tisa, na mpira sikumfundisha mimi. Alianza kupiga danadana na chungwa bichi uani kabla hajajua kuwa mama yake alikuwa mshambuliaji. Alipojua, akataka mpira kama wa kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo tulijaza matambara kwenye soksi kuukuu na kuifunga kamba. Vidole vyangu vilikumbuka kila fundo.

"Mama, ulikuwa unavaa namba ngapi?"

Jezi hatukuwa nazo, lakini nilicheza tisa. Naye sasa hataki nyingine.

Aliyebadilika hasa ni bibi yake. Oktoba 2022, wasichana wa timu yetu ya taifa, Serengeti Girls, walipoifunga Ufaransa 2-1 kule India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, kisha wakaingia robo fainali, mama yangu aliuliza wale watoto ni wa mikoa gani, na wazazi wao ni akina nani. Aliuliza kwa heshima, na nilifurahi mno kumsikia. Siku hizi jezi ya mjukuu anaifua yeye, na saa kumi ikikaribia ndiye anayesema, "Haya mwanangu, mwalimu anakusubiri."

Wasichana wengi bado wanaosha vyombo saa hiyo hiyo ambayo kaka zao wako uwanjani. Mzazi mwenzangu, kama binti yako anapenda mpira, vyombo vya jioni mpe kaka yake.