Mlango wa Betri

Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia giza. Kenya Power ilisema tatizo lilianza umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ulipopotea ghafla. Wenye mitambo wakajibu kwamba volteji ya gridi ndiyo iliyopanda ikawalazimisha kutoka. Mitandaoni watu walibishana nani alianza. Swali lililonikaa mimi ni jingine: mtambo ukipigwa mshtuko, unatoka au unashikilia?

Nililijua swali hilo kwa shangazi yangu, Mfangano. Kwa Kijaluo shangazi ni waya, na tangu afungiwe sola hachoki kulichekea jina hilo. Ana paneli, betri nne, friza ya samaki, na inveta, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani. Inveta yake ya kwanza ilimtesa. Friza ikijaribu kuwaka tu, sanduku linalia mara moja, halafu kimya. Taa, redio, simu za wateja zilizokuwa zikichaji, vyote chini. Samaki wakilala hivyo, kesho yake mnunuzi wa Mbita anataja bei anayotaka yeye.

"Inaogopa," Waya alisema.

Na ina sababu. Mota ya friza inapoanza huvuta mkondo mara tano, sita, hata zaidi, kuliko ikishashika kasi. Jenereta ya dizeli, kama ile iliyowasha kisiwa hiki kwa miaka bila gridi ya taifa, hubeba mzigo huo kwa muda: ni chuma na shaba nzito, hupata moto polepole. Inveta ni transista za silikoni. Mkondo ukizidi, zinaungua kabla hujapepesa jicho. Lazima ikatae. Kazi ni kukataa vipi.

Ile ya kwanza ilijua kuzima tu. Ya sasa hupima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na kikomo kikikaribia inashusha volteji, mkondo nao unashuka. Taa zinafifia kidogo, mota inajikokota mpaka ishike kasi, volteji inarudi. (Si kila mota hukubali, nyingine hunguruma tu bila kuzunguka, na hapo sanduku huzima kweli.) Gridini ni hivyo hivyo, ila kwa ukubwa wa kutisha: mitambo mingi ya sola na upepo ikitoka pamoja kwa mshtuko mmoja, mzigo unawaangukia waliobaki, nao wanafuata.

Sasa Waya anataka mashine ya barafu, auzie wavuvi wanaorudi alfajiri. Fundi amepiga hesabu mara mbili. Umeme uliomo kwenye betri unatosha usiku mzima. Inveta haiwezi kuupitisha wote kwa mpigo, friza na barafu zikianza pamoja. Kwa hiyo anamfungia swichi ya saa: friza kwanza, barafu dakika kumi baadaye.