Cheti na Randa

Zamani nalidhani kwamba kijana maskini hupungukiwa na elimu tu. Dhana hiyo niliipoteza Keko, Dar es Salaam, ambako maseremala hupanga vitanda na makabati kando ya barabara.

Hapo ndipo mwana wa marehemu dada yangu alipojifunza useremala. Kwa miaka mitatu alizoa maranda na kupiga msasa kabla ya kushikishwa randa. Mbao alizounga hazikupitisha hata ukucha. Lakini alipokwenda kuomba kazi kiwandani aliulizwa cheti, naye hakuwa nacho.

Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima pia mafundi waliojifunzia kazini, na wanaofuzu hupewa vyeti. Nikampeleka, akafuzu. Nilifurahi kama mtu aliyemaliza deni.

Baadaye nilimkuta amejikunyata barazani. Nafasi ya kiwandani ilikwisha chukuliwa.

“Si ufanye kazi yako mwenyewe?” nikamwuliza.

“Kwa nini, mjomba? Cheti ninacho. Randa, msumeno na patasi ni vya fundi.”

Fundi alimwazima zana alipokuwa mwanafunzi. Sasa alimwona mshindani. Simlaumu sana, maana naye ana watoto. Haya ilinishika mimi, mtu wa vitabu, niliyedhani karatasi hupasua mbao.

Jumamosi tulikwenda Kariakoo. Nilishika randa mpya iliyong’aa. Akaipokea kwa adabu, akaitazama ulimi, akairudisha mezani. Akachagua kuukuu, nzito, yenye mpini uliolainishwa na mikono ya watu.