Tangu Gari la Sinema Lilipokoma Kuja Karungu

Kijana mmoja alisimama karibu na gati la Mbita akiwapiga video kina mama waliokuwa wakianika omena. Alikuwa mwanafunzi wa uanahabari, mwenye kamera nzuri na adabu nzuri zaidi. Alipoulizwa kazi ile ilikuwa ya nini, alijibu, "Jaduong', nataka kutengeneza filamu kuhusu ziwa letu. Hakuna mtu aliyewahi." Hakuwa anajigamba. Miaka yake yote ya masomo, hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Aliyemuuliza ni mwandishi wa kumbukumbu hizi, mzaliwa wa Karungu, Migori. Alimtajia *Darwin's Nightmare*; kijana hakuijua. Alimtajia *Neria*, hakuijua. Alipotaja gari la sinema, kijana alidhani ni mchezo wa watoto. Hakustahili kulaumiwa. Wa kulaumiwa ni wale walioona na wakanyamaza, na ndiyo maana mambo haya yanaandikwa.

Sinema iliyosafirishwa kwa gari ni jambo la zamani Afrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937, Notcutt na Latham waliendesha mradi wao wa filamu za elimu kutoka Vugiri, Tanganyika, wakazungusha lori lenye mashine ya kuonyeshea picha hadi Kenya, Uganda na kusini zaidi. Baada ya vita vya pili vya dunia, serikali ya kikoloni iliendelea na magari yake, na serikali ya uhuru ikayarithi. Kampuni ya Factual Films nayo ikawa na magari ya kutangaza bidhaa, yakitembelea masoko ya mashambani kwa sabuni, mafuta ya kupikia na vichekesho vya Charlie Chaplin.

Lililofika Karungu lilikuwa Land Rover ya wizara, lenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Kuhusu mwaka wenyewe kuna ubishi. Waliosoma na mwandishi wanasema ni 1977. Yeye anashikilia kwamba haiwezekani kuwa kabla ya mwisho wa 1978, kwa kuwa katika habari zilizotangulia filamu, Rais aliyekagua gwaride alikuwa Moi. Wanachokubaliana wote ni kwamba mahindi yalikuwa yameshavunwa, kwani watu walikaa hadi ndani ya shamba lililopakana na kiwanja. Basi, mwaka na uwe wowote.

Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya miti miwili. Filamu ya kwanza ilihusu kunyunyizia pamba dawa, ya pili kuchemsha maji, na Chaplin akaja mwisho, kwa sababu mwendeshaji alijua kwamba angemtanguliza watu wangeenda kulala. Filamu zilizungumza Kiingereza. Yeye akashika kipaza sauti na kuzisema kwa Dholuo, akiongeza ya kwake. Watazamaji walimjibu. Mzee mmoja alitaka kujua mkulima yule wa kwenye picha alikuwa na ng'ombe wangapi, na kama hakuwa nao, pampu ya dawa aliinunua kwa nini. Mwendeshaji akasimamisha mashine, na pakazuka mjadala wa pamba, bei yake, na malipo yaliyochelewa, hadi ile filamu ya maji ikakaribia kusahaulika.

Wanaume wengi hawakuwepo. Sinema ya kiwanjani ilihitaji giza, lakini giza lilikuwa na mwenyewe. Omena huvuliwa usiku usio na mwezi: mitumbwi hutoka na taa za karabai, samaki wakaufuata mwanga. Kwa hiyo siku gari lilipofika, kiwanja kilijaa wanawake, watoto na wazee. Mwandishi anaamini hiyo ndiyo sababu kina mama nao waliongea kwa uhuru usiku ule, jambo lililokuwa nadra katika baraza la chifu.

Magari yalipoacha kuja, hakuna aliyetangaza. Yalipungua, kisha yakakoma. Nafasi yake ilichukuliwa na banda la video.

Banda la Sori, hapo Karungu, lilijengwa kwa mabati yaliyotumika, sakafu ya mchanga, na mbao zilizolazwa juu ya mawe kuwa viti. Mwenyewe alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kabla ya kununua deki. Deki hiyo aliifungia ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, akaacha tundu la kuingizia kanda. Nyuma ya ukuta palikaa jenereta ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili, na moshi wake uliingia kupitia nyufa. Yeyote aliyewahi kukaa humo hawezi kuisahau harufu ile: petroli, nyavu mbichi, jasho, omena iliyokauka, na mandazi aliyouza mke wa fundi mlangoni. Hata leo mwandishi akipita karibu na jenereta ya kinyozi, kwa nukta chache anarudi Sori.

Biashara ya fundi ilifuata mwezi, lakini kinyume cha gari la serikali. Mwezi ulipoandama na kukua, mitumbwi ya omena ilipumzika, wavuvi wakabaki nchi kavu na pesa mfukoni, banda likajaa. Giza liliporudi, alifunga mapema. Kanda zilitoka Kisumu, na nyingine zilipitia Isebania: karate za Hong Kong, mapenzi ya Kihindi, muziki wa Kongo. Fundi alikuwa na desturi ya kusimamisha kanda pale hadithi ilipokaza, akasimama mbele ya televisheni na kueleza nani ni mtoto wa nani. Hakutaka kumpoteza mtazamaji hata mmoja. Aliandika wadeni wake katika daftari la shule, na mtoto aliyeonekana pale usiku wa kuamkia siku ya masomo alifukuzwa, hata kama alikuwa na pesa.

Katikati ya miaka ya tisini, mazishi yalikuwa yamejaza kila Jumamosi. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Msomaji wa Nyanza Kusini anaijua miaka ile. Madaktari Wasio na Mipaka waliingia Homa Bay 1996, na dawa za bure za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa katika hospitali ya wilaya mwezi Novemba 2001. Kabla ya hapo kulikuwa na ushauri tu, mabango, na filamu.

Mfanyakazi wa shirika moja la afya alikuja kwa fundi na kanda ya *Neria*. Ilikuwa filamu ya Zimbabwe ya 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga, na muziki wake ni wa Oliver Mtukudzi. Inamhusu mwanamke ambaye mumewe anakufa ajalini, na shemeji anakuja kuchukua akiba, gari na vitu vya nyumbani kwa jina la mila. Mgeni alitaka kuionyesha mchana, shuleni. Fundi alikataa. Alisema mchana watakuja watoto, na watoto hawarithi wajane. Akataka ionyeshwe bandani mwake, bure, wiki ya mwezi mpevu, wavuvi wakiwepo. Wake zao pia waingie.

Ikawa hivyo. Filamu ilipoisha hapakuwa na makofi. Mjane mmoja aliyekuwa akiuza samaki ufukweni aliuliza kwa nini anayerithi huanza na kitanda na baiskeli, na madeni ya marehemu yakabaki kwa mjane. Mvuvi mmoja mzee alimjibu bila hasira: *tero*, yaani kurithi mjane, iliwekwa ili nyumba isianguke na watoto wapate kula; anayebeba mali akaacha watoto ni mwizi, asijifiche nyuma ya wahenga. Mwingine akauliza swali ambalo wengi walikuwa wamelikwepa: kama marehemu alikufa kwa ugonjwa huu, anayerithi anarithi nini? Petroli ikaisha. Fundi akaleta karabai, na watu wakaendelea hadi usiku wa manane.

Hakuna anayeweza kudai kwamba usiku ule uliifuta desturi. Lakini watu waliona mambo yao yakitokea mbali nao, kwa watu wenye majina mengine, na hilo likawapa nafasi ya kuyasema. Filamu kuhusu jamii inapata maana yake pale jamii inapoitazama pamoja na kubishana juu yake.

Fundi amefariki, banda limebomolewa, na hapo sasa pana duka la simu.

*Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka 2004. Ilirekodiwa Mwanza, ikafika hadi kwenye orodha ya wawania Oscar ya 2006. Inaonyesha minofu ya sangara ikipakiwa kwenye ndege za mizigo kwenda Ulaya, na inauliza ndege hizo hurudi na nini. Wenyeji wanabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki. Rais Kikwete wa Tanzania aliilaani hadharani 2006, na huko Ufaransa ubishi kuhusu ukweli wake uliishia mahakamani.

Mwandishi aliiona Nairobi, katika ukumbi uliojaa wageni, miaka kadhaa baadaye. Sangara ni mbuta. Mapanki ni mgongo wazi, ule ule uliokaangwa kando ya barabara Homa Bay na kulisha familia nyingi, yake ikiwemo. Iliuma kuona chakula hicho kimegeuzwa alama ya maangamizi mbele ya watu wasiojua ladha yake. Pia iliuma kwa sababu swali la msingi lilikuwa la haki: minofu ilikwenda wapi na faida ilibaki kwa nani? Yote mawili yalistahili kusemwa na wavuvi wa Muhuru Bay, Sori na Remba, wanaotumia maji hayo hayo. Ubishi ulifika Paris na Dar es Salaam. Kwenye fuo hizo, mwandishi hajakutana na mtu aliyeonyeshwa filamu hiyo.

Baada ya filamu hiyo, kazi za filamu zilikwenda mbio. Mwaka 2008 Ketebul Music ilitoa *Retracing the Benga Rhythm*, pamoja na filamu yake, kuhusu muziki uliokulia huku. Lupita Nyong'o, kabla dunia haijamjua, aliongoza *In My Genes* ya 2009 kuhusu Wakenya wenye ualbino. *The Education of Auma Obama* ya Branwen Okpako, 2011, ilikwenda Kogelo. Kamera nyingi za miaka ile zilikwenda Kogelo, ingawa baba yake Obama alizaliwa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay. Judy Kibinge alianzisha Docubox 2012, na wakaja vijana hodari: *Softie* ya Sam Soko ikapata tuzo ya uhariri Sundance 2020, na *The Letter* ya Maia Lekow na Christopher King ikaiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. *In the Name of Your Daughter* ya Giselle Portenier, 2018, ikamfuata Rhobi Samwelly akiwapa hifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji katika mkoa wa Mara, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Kuria yetu.

Kazi nzuri zipo, basi, na ni nyingi kuliko zamani. Kinachoudhi ni kwamba zinasifiwa Toronto na Amsterdam huku Kehancha, huko Kuria, haijazisikia. Simu imempa kila mtu sinema yake, anaitazama peke yake kwa vipande vya dakika moja, data ikiisha anaiacha. Kaunti za Migori na Homa Bay, zenye watu zaidi ya milioni moja kila moja, hutumia pesa kwa tamasha za siku moja zenye hotuba nyingi, kisha zinasema sinema haina watazamaji.

Watazamaji wapo. Kila ufuo na kila soko lina ukumbi wa kutazamia mpira wa Uingereza, wenye projekta, kitambaa, vipaza sauti na viti. Jumanne na Alhamisi nyingi kumbi hizo hukaa tupu. Chuo Kikuu cha Rongo kinafundisha mambo ya habari. Wanafunzi wake wanaweza kuingiza sauti ya Dholuo na Kikuria kwenye filamu hizi, kwa ruhusa ya waliozitengeneza, na kuongoza mijadala. Filamu ya Rhobi Samwelly ionyeshwe Kehancha na Isebania mwezi wa Oktoba, kabla ya likizo ya Desemba ambayo ndiyo msimu wa visu. *Darwin's Nightmare* ipelekwe Muhuru Bay, na wauza mgongo wazi wapewe kipaza sauti kwanza. *Neria* irudi Sori. Na atakayepanga ratiba ya fuo atazame kalenda ya mwezi, achague wiki ambayo mitumbwi ya omena imepumzika.